Bakuli Linalotembea: Risala ya Wapishi wa Kichochoro cha Supu kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Ramani ya Wageni

Mgeni rasmi, Bibi Araceli Hinolan, Mwenyekiti wa Kamati ya Ramani ya Wageni. Waheshimiwa mlioongozana naye. Na ninyi wateja wetu mliokuja kula mkakuta hotuba:

Umetukuta tunagombana. Ulifika kabla ya saa uliyotuambia, tukakuketisha kwa kaka yetu Nong Dado, muuza kahawa wa mwisho wa kichochoro, ili usisikie. Ulisikia. Soko zima lilisikia.

“Achia huo upawa, Soling! Wewe ulishapata televisheni. Leo mgeni anakula kwangu.”

“Kwako, Consing? Supu yako hiyo ya kunawia mikono?”

“Hiyo hiyo uliyokuwa unakuja kuiomba, bakuli mkononi!”

“Niliomba, ukaninyima!”

Hapo kichochoro kizima kikanyamaza. Kwa nini kilinyamaza, tutakueleza. Tulikuwa na risala nyingine, imepigwa chapa vizuri. Tumeiweka kando. Hii tumeiandika upya wakati ukinywa kahawa, kwa hiyo utusamehe madoa ya mafuta.

KARIBU

Karibu Hamungaya, karibu Soko Kuu. Nang Soling na Nang Consing ni dada zetu (Nang kwetu ni dada, Nong ni kaka), wapishi wa batsoy, zile tambi za supu ya mifupa ambazo bila hizo mji huu hauamki. Vibanda vyao vinatazamana. Walichokuwa wakigombea ni wewe. Tuliambiwa kwamba mgeni rasmi atakula kibanda kimoja, kwamba ule ubao wa kijani ulioandikwa “Hamungaya Inakula Hapa” utapigiliwa kwenye kibanda hicho, na kwamba kibanda hicho peke yake kitatiwa nukta kwenye ramani. Ubao uliletwa jana. Tangu ulipofika, hakuna aliyemsalimia jirani yake.

MGENI AFANYE NINI MJINI KWETU

Tumevisoma vijitabu vinavyogawiwa uwanja wa ndege. Vinamwambia mgeni apige picha kanisani, aingie dukani, akalale. Huko si kutembelea mji, ni kusubiri ndege ya kurudi.

Mgeni aamke mapema. Atembee ukingo wa mto kabla jua halijawa kali, awakute wazee wetu wakicheza dansi kwa redio, na wakimwita aingie, asijifanye miguu inauma. Apande mnara wa kengele wa kanisa la mawe. Ngazi ni nyembamba, begi aliache chini kwa mlinzi, hapotezi kitu. Mchana aende kwa wafumaji nyuma ya kanisa, akae, anywe maji, aangalie mikono ikifanya kazi, ndipo aulize habari ya kununua. Jioni aende uwanjani akale ibos, wali wa kunata uliofungwa kwa jani changa la mnazi, achovye kwenye sukari. Anunue kwa mama aliye karibu na chemchemi. Wa karibu na benki huuza wa jana, na hatumsengenyi, tumemwambia usoni. Tamasha la Januari likifika na ngoma zikaanza, asihangaike kutafuta chumba, maana hakipo. Aje alale kwetu. Tutambana na watoto, lakini atalala.

Haya yote mji wetu unayo, na tunajivuna nayo bila aibu. Ila kabla ya hayo yote, aje hapa kichochoroni, na aje na njaa.

HISTORIA YETU

Mama zetu ndio walioanza. Mwaka wa mafuriko makubwa mto uliingia sokoni ukachukua masufuria yote. Ikabaki moja tu, ya mama yake Nang Soling, iliyonasa kwenye ile nguzo ya mlangoni pa kichochoro. Msimu ule wote wapishi walipika kwa zamu katika sufuria hiyo, kila mmoja akileta alichonacho: huyu mifupa, huyu maini, huyu kitunguu saumu cha kukaanga.

Masufuria mengine yalinunuliwa baadaye, lakini desturi ilibaki. Kwetu mtu hunywa supu kwanza, tambi zikiwa bado zimelala chini. Kisha huinua bakuli, nasi tunamwongezea bure, hata mara ya tatu. Na sufuria ya mpishi ikikauka, hamwambii mteja imekwisha. Huchukua bakuli la mteja akavuka nalo hadi kwa jirani, likajazwa bila maneno. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa Hamungaya amekula batsoy kwa nani, hakutajii jina. Atakujibu, “Kichochoroni.”

MAFANIKIO

Tumesomesha watoto kwa supu hii. Wauguzi, mabaharia, na fundi mmoja wa ndege ambaye akirudi likizo huja hapa kabla hajakwenda kwao, na mama yake amekwisha kukasirika mpaka amechoka. Moto wetu haujazimika tangu mafuriko yale. Na kwa miaka yote hiyo hakuna bakuli lililowahi kurudishwa bila supu, isipokuwa mara moja.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto yetu ni hiyo mara moja.

Mwaka juzi alikuja kijana wa televisheni. Akala kwa Nang Soling, akaitazama kamera akasema, “Batsoy halisi ya Hamungaya ni hii tu.” Hiyo “tu” ndiyo iliyotuumiza. Kesho yake foleni ya Nang Soling ilifika kwenye meza za samaki, na vibanda vingine tukabaki tunafukuza nzi. Kaka yetu Nong Dado, aliyepika batsoy tangu ujana wake, ndipo alipoanza kuuza kahawa.

Asubuhi moja sufuria ya Nang Soling ikakauka. Alikuwa na mteja mzee aliyesafiri usiku kucha, ameinua bakuli lake kwa mikono miwili. Nang Soling alilichukua, akavuka kama alivyovuka mama yake, akalinyoosha kwa Nang Consing.

“Nijazie, Consing.”

“Kachote umaarufu wako.”

Alisimama pale na bakuli mkononi. Ametuambia baadaye kwamba hakuona hasira, aliona haya, kwa sababu alijua angekuwa upande wa pili angesema vilevile. Alirudi na bakuli vilevile. Yule mzee alitazama tambi kavu, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Hajarudi. Tungekuwa tunalijua jina lake tungeenda kumwomba radhi.

Jioni ile Nang Soling aliing'oa picha kubwa ya kijana wa televisheni aliyokuwa ameitundika kibandani, akaifunikia kuni. Nang Consing akaleta supu bila kuitwa. Tulidhani tumepona. Kisha ukaja ubao wa kijani.

MAOMBI

Katika risala ile ya kwanza, hapa paliandikwa: “Tunakuomba uchague kwa haki.” Tumepafuta. Hatutaki uchague.

Baada ya yale maneno ya “ukaninyima,” Nang Consing aliachia upawa. Akasema, “Basi, Soling. Weka supu yako kwenye tambi zangu.”

Nang Soling akamtazama. “Na ngozi ya nguruwe ya kukaanga?”

“Ya Dado. Yako hulegea, na unajua.”

“Najua. Mwite Dado.”

Basi tumeamua, na hatukusubiri ruhusa. Ombi letu ni kwamba ramani ichore kichochoro chote, mstari kutoka nguzoni mpaka kwenye kahawa. Kama ramani ina nafasi ya nukta moja tu, utuache nje. Wageni wataulizia njia, na mji wetu una watu wa kuwaonyesha.

Ubao hatujaurudisha, kwa sababu ni mbao nzuri. Ile nyundo uliyoisikia ukiwa kwenye kahawa ilikuwa ya Nong Dado. Ukigeuka utauona: uko juu ya ile nguzo ya mafuriko, mlangoni, na hauko kwenye kibanda cha mtu. Misumari ni mirefu.

Na bakuli lako hili hapa mbele yako. Tambi ni za Nang Consing, supu ya Nang Soling, ngozi ya Nong Dado, kitunguu saumu ni chetu sisi wengine. Kunywa supu kwanza. Ukimaliza, inua bakuli. Usiangalie ni nani anakuja kulichukua.

Mungu akulinde njiani, akupe afya na hamu ya kula, awape wa nyumbani kwako meza isiyokaukiwa.

Tusiendelee, inapoa.

Ni sisi,
Wapishi wa Kichochoro cha Supu,
Soko Kuu, Hamungaya