Luteni Atampigia Nani Saluti?

Kibasi cha kwenda mtaa wa Saddar kilikuwa hakijaondoka hata stendi, na mama aliyekaa mbele yangu alikuwa ameshamchumbia mwanawe binti asiyemjua aliyeketi kando yake. Ndivyo walivyo mama zetu wa mji huu wa Pindi wenye watoto wa kiume.

"Daktari wa meno! Mashaallah! Shahroz wangu ni luteni, mrefu, hana neno na mtu. Ukishaolewa, mwanangu, hayo makoleo ya kung'olea meno utayafungia kabatini upumzike."

"Niyafungie, mama? Jeshi limenichukua! Naenda kuripoti hospitali yao sasa hivi." Binti hakutulia kitini kwa furaha. "Nyumba wanatoa, mshahara mnono, na sisi madaktari tunaanza moja kwa moja na cheo cha kapteni!"

Mama akavipanga vyeo kichwani. "Kapteni? Kwa hiyo Shahroz wangu ndiye atakayekupigia saluti wewe?"

"Tena wima, mama! Kila asubuhi."

Kibasi kizima kikaangua kicheko. Mimi nilipiga makofi, wala sioni haya kusema.

"Mke ampite mume cheo! We unaona sawa?"

"Nimekesha na vitabu miaka mingi, mama. Cheo hicho sikukiokota njiani."

Tukafika lango la hospitali ya jeshi, binti akashuka mbiombio. Mama akatoa kichwa dirishani. "Wee binti! Ngoja! Luteni naye hupandishwa cheo!"

"Na kapteni pia, mama!"

Dereva akatia gia, mama kichwa kingali nje.