Hannah Kabibi Randu, Fundi Aliyesomea Mbele ya Televisheni

Ndugu, majirani wa Tezo, na wakwe zetu mliosafiri kutoka Machakos, familia imeomba msomewe maisha ya Hannah Kabibi Randu, tangu siku aliyolia yeye mpaka siku tulipomlilia sisi.

Marehemu alizaliwa Rabai tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa Mzee Randu Gona na Mama Kavumbi, akaingia shule mwaka 1957, akatolewa darasa la tatu ili alee wadogo zake, na tangu hapo alikuwa na tamaa moja tu, kuitwa fundi wa nguo, si yaya, si mpishi, fundi, lakini hapakuwa na wa kumlipia karo ya kufunzwa cherehani, akahamia Tezo mwaka 1971, miaka ikapita akiwapikia watoto wa shule uji.

Mwaka 1983 Bwana Nahashon Musyoka, mfanyakazi wa kiwandani Kilifi aliyekuwa amefiwa na mke, alileta televisheni ya kwanza mtaani kwetu, ikiendeshwa kwa betri ya gari, na kila Jumatano alasiri palikuwa na somo la ushonaji, basi Kabibi na wanawake wengine saba wakawa hawabanduki pale, yeye wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, na maneno yakasemwa kwamba anachofuata si picha bali mwenye picha, na aliyeyaanzisha tunamwona hapa ameinamisha kichwa, kwa hivyo hatutamtaja.

Televisheni hatuikashifu, maana ilimfikia mtu ambaye hakuna shule iliyomfikia, haikumdai karo wala cheti, ikamwonyesha kupima kifua na kiuno, kukata ruwaza za nguo kwa magazeti ya zamani, na kupiga pindo likanyooka, ila yule mwalimu wa ndani ya sanduku hakujua kungoja, Kabibi akimlilia, "Bibie, rudi nyuma kidogo, mkasi wangu butu!" naye anatabasamu na kwenda zake, na siku ya somo la mikono ya gauni ndipo tulipoumbuka, kwa sababu jana yake wanaume walitazama mpira mpaka betri ikakata roho, hivyo hatukuona kitu, na somo lile halikurudiwa tena.

Krismasi ya mwaka huo wanawake wanane wa Tezo walikwenda kanisani na gauni zisizo na mikono, Mzee Thoya, mzee wa kanisa, akawasimamisha mlangoni, "Mabega yote haya ya nini mbele za Mungu?" na Kabibi akamjibu kwa adabu zake zote, "Shikamoo mzee, gauni zetu zimeishia pale betri ilipoishia, waulize wenye mpira," naye Bwana Nahashon, aliyeutazama mpira ule kutoka kiti cha mbele, akashikwa na haya, akaenda kwa Kabibi kuomba radhi, akaketi, akanywa chai, na kufikia vikombe kadhaa radhi ikawa posa.

Walifunga ndoa tarehe 28 Julai 1984, bwana akamnunulia cherehani ya miguu, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1985, Mungu akawajalia binti yao wa pekee, Easter.

Agosti mwaka huo alikwenda Malindi kufanya mtihani wa ushonaji, mtahini akaligeuza gauni lake huku na huku, akavuta bega lililojikunjakunja, akasema, "Kazi safi, mama, lakini humu mtu hawezi kuinua mkono, wewe si fundi bado," naye akarudi akaifunika cherehani kwa shuka, akarejea kwenye sufuria za uji.

Aliyemtoa huko ni Bi Adhiambo, mshonaji wa barazani mjini Kilifi, aliyemwambia, "Hata betri ingekuwa nzima usingejua, Mama Easter, somo lile mimi niliona, mkono wa gauni hukatwa mkubwa kuliko tundu lake la begani, kinachozidi hulishwa humo kidogo kidogo kwa ncha za vidole, na hilo jicho haliwezi kukwambia, lete mkono," akaushika, vidole juu ya vidole, siku baada ya siku, mpaka Kabibi akahisi kitambaa kinakubali, na Novemba 1986 akarudi Malindi, akafaulu.

Toka hapo alishona sare za shule kuanzia Tezo hadi Vitengeni, akafunza wasichana sita nyumbani kwake, Jumatano akiwaketisha mbele ya televisheni, Alhamisi akiwashika mikono na kuwatania, "Mwanangu, jana uliona, leo ndiyo ujue."

Februari 1989 alianza kuumwa na tumbo, akalazwa hospitalini, ikaonekana ni kansa, akaruhusiwa arudi nyumbani, na wasichana walipomwonyesha kazi kutoka mlangoni wasimchoshe, alisema, "Huko mlangoni mimi ni televisheni tu, njooni karibu," akapapasa kila mshono kwa vidole vilivyokwisha nyama, mpaka Jumanne tarehe 3 Oktoba, saa nne asubuhi, alipotuacha, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, wenzake Bwana Nahashon wa kiwandani, na Bi Adhiambo aliyefunga kazi yake akaja kumuogesha mgonjwa, na tunawashukuru wale wasichana sita, kwani jana seremala alipouliza aandike nini msalabani, wao ndio waliojibu kwa sauti moja, na ndivyo ilivyoandikwa, Fundi Hannah Kabibi.

Fundi wetu, weka sindano chini, upumzike kwa amani.