Ni Nani Aliyechelewa?

Enid Sutcliffe alipanda basi la kwenda mjini Halifax, Uingereza, akipeleka gazetini tangazo la mazishi ya mumewe, Walter. Alilisoma njiani mpaka midomo ikaanza kumcheza. Mzee aliyekaa kando yake, mwalimu mstaafu, akamwuliza kulikoni.

"Mwanangu kaandika 'late Walter'," Enid akasema. "Kiingereza chetu hiki! Marehemu na aliyechelewa, neno moja. Walter hakuchelewa popote maisha yake yote, bwana. Aliyechelewa ni mimi. Nilipitia dukani kumnunulia biskuti za tangawizi, basi likaniacha. Nilipofika wodini, walikuwa wamekwisha kumfunika."

Mwalimu akasema polepole, "Zamani neno hilo halikuhusu saa, mama. Lilikuwa la mtu mzito wa mwendo. Tena wajuzi wa maneno husema lina undugu na neno la Kilatini la mtu aliyechoka."

"Aliyechoka?"

"Ndiyo, mama."

"Hilo Walter angelikubali. Alichoka kweli, miezi ile ya mwisho." Enid akafuta macho kwa glavu. "Lakini mimi sikuwa nimechoka. Nilikuwa nachagua biskuti."

"Ulikuwa unamchagulia yeye."

"Ndiyo. Na yeye alikuwa ananingoja mimi."

Basi liliposimama, Enid alimshika mwalimu mkono kumshukuru, akakunja tangazo bila kufuta hata neno moja, akashuka kwenye manyunyu.