Wasifu wa Mama Unywele, Fundi wa Nyuzi za Mwanga

Mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Unywele, alizaliwa Jumapili tarehe 13 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya wanne. Baba alikuwa dereva wa lori, mama mshonaji. Mama alikuwa akisimulia kwamba kichanga yule hakulia mpaka mkunga alipomfinya, na alipoanza, wodi nzima ilimkoma.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1973 hadi 1979, akaendelea na sekondari. Mwaka 1983, wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, baba aliugua, na yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumuuguza. Mtihani ule hakuufanya tena. Ukimuuliza angekwambia, "Yameisha hayo." Hayakuwa yameisha.

Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990 na fundi saa. Shemeji yupo hapa, ni shahidi. Siku walipokutana, alikuwa amepeleka saa ya mama kutengenezwa, akakaa kwenye benchi akimtazama fundi akidondosha skrubu moja mara tatu. "Hebu lete," akasema, akachukua kibano, akaiweka mara moja. Fundi akamwambia, "Dada, wewe ama unatafuta kazi ama unatafuta mume." Akamjibu, "Natafuta saa ya mama."

Mikono hiyo ndiyo iliyompeleka, Februari 1998, kwenye kiwanda cha vifaa vya mtandao wa nyuzi za mwanga, hizi zinazotuletea intaneti. Kazi yake ilikuwa kuketisha uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, mbele ya kilenzi kidogo kuliko punje ya mchele. Alitazama kwenye hadubini mpaka kipimo kionyeshe mwanga unapita wote, ndipo anaweka tone la gundi. Mwaka 2003 akamwingiza kazini na mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye anayesoma karatasi hii. Wanawake kwenye meza zile wakawa kumi na tisa.

Januari 2014 ililetwa mashine ichukue kazi hiyo. Iliuketisha uzi mahali penyewe hasa, bila kutetemeka, na bado vifaa vilitoka vibovu, trei baada ya trei. Akina mama walijua sababu. Gundi ikikauka husinyaa, ikauvuta uzi. Kwa hiyo wao waliuweka pembeni kidogo, makusudi, ili gundi iurudishe mahali pake. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo popote. Wakakubaliana wote kufunga midomo. Miezi saba mhandisi alihangaika, na ajira zao zikawa salama.

Kisha asubuhi moja mhandisi alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mama Unywele, akamwomba amwonyeshe anavyouweka uzi pembeni. Wote waliona. Alimwonyesha. Kabla mwaka haujaisha mashine ilitengemaa na wanawake wote wakaachishwa kazi, isipokuwa yeye, aliyebakizwa kuisimamia. Toka hapo akaitwa msaliti. Salamu zilikatika. Kwenye harusi ya binti yake, meza waliyotengewa wenzake wa kiwandani ilibaki tupu mpaka mwisho. Aliumia, jamani, aliumia sana, lakini hakujitetea hata siku moja.

Mwaka 2021 figo zake zilianza kushindwa. Mara tatu kwa wiki alikwenda kusafishwa damu, akigombana na wauguzi kuhusu namna wanavyoshika sindano. Alifariki Jumatatu tarehe 2 Septemba 2024, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka wawili na huyo mdogo wake.

Karatasi mliyogawiwa inaishia hapo. Haya mengine mdogo wake ameyaandika kwa kalamu leo asubuhi, na familia haijayaona.

Mhandisi hakuipata siri ile kwa Mama Unywele. Aliipata kantini, kwa mdogo wake, kwenye utani. "Mashine yako shida yake haijui kudanganya," alimwambia akicheka. "Sisi tunauweka pembeni, gundi inauvuta yenyewe." Neno likawa limeshamtoka. Jioni yake alikwenda kulia kwa dada yake. Dada akamwambia, "Nyamaza. Wewe unaishi nao mtaa mmoja, watoto wenu wanacheza pamoja. Mimi waache waninunie." Asubuhi yake akamwonyesha mhandisi mbele ya wote, akaibeba lawama ile miaka kumi. Na mdogo mtu, kwa woga, akamwachia aibebe, akala naye, akamuuguza, na leo anamzika, bila kumwambia mtu yeyote.

Akina dada wa meza zile, mliokuja na msiokuja, wa kulaumiwa ni huyu anayewasomea. Mkitaka kununa, ninunieni mimi.

Dada, nisamehe. Nenda ukapumzike, jina lako ni safi.