Pete ya Volkmar na Kesi ya Christoph Bach

Benchi letu liko mbele ya duka la mikate la Kessler, upande wa jua wa soko la Arnstadt, na asubuhi za siku za kazi hukaliwa na watu walewale. Kulia hukaa Egon Triebel, tunayemwita Jaji kwa kuwa alikuwa karani wa ushuru na hajawahi kumhukumu mtu. Katikati hukaa Rüdiger Hallbauer, fundi mstaafu wa vinanda vya kanisani. Yeye tunamwita Mivukuto, na si kwa sababu ya kazi yake tu, bali pia kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kubisha. Wa tatu ni Volkmar Röhrig, mpiga tuba, lile tarumbeta nene, wa bendi ya kanisa, mtu wa maneno machache, ambaye hakuna jina la utani lililowahi kumkaa. Mimi hukaa kwenye kiti cha duka, kando yao.

Jumanne ile Volkmar alikuja na pete moja tu kidoleni. Tangu alipofiwa na mkewe, Gerda, alikuwa akivaa mbili, yake na ya marehemu, kama wafanyavyo wajane na wagane wengi wa kwetu. Sote tulijua ya pili iko wapi. Kwenye chakula cha kwaya alimvisha Hanne Schlegelmilch, mjane anayeimba sauti ya pili na anayekaa nyuma ya Lango la Ried. Mji ukahesabu kwamba wamechumbiana, na Hanne naye akahesabu hivyo. Lakini Jumapili Steffen, mwana wa Volkmar, alitoka Ilmenau kuja kusali nasi, akaiona pete ya mama yake kwenye mkono wa mwanamke mwingine. Alimwambia baba yake kwamba pete irudi, la sivyo yeye hatakanyaga tena nyumbani kwake. Volkmar alikuwa amekuja kunywa kahawa kwanza, kisha aende kuidai.

— Utamwambia nini? Jaji akamuuliza.

— Kwamba ilikuwa ya wema tu. Neno ndoa sikulitamka.

— Maneno hayo yamekwisha tumika mji huuhuu, bwana. Tena yalishinda.

Hapo tukajua asubuhi imekwenda. Jaji alikuwa anamzungumzia Christoph Bach. Si Sebastian, mtunzi mashuhuri wa muziki, yule kijana wa sanamu ya shaba ambaye wageni hupigwa naye picha hapo sokoni. Huyu ni baba yake mdogo, mpiga fidla wa mtawala wetu wa zamani. Niliona nitaje ni yupi, kwa sababu ukoo ule ulijaa akina Johann Christoph: huyu ni yule aliyezaliwa mwaka 1645, pacha wa Ambrosius, baba yake Sebastian. Binti mmoja wa hapa, Anna Cunigunda Wiener, pamoja na mama yake, walimpeleka mbele ya baraza la kanisa. Walidai kwamba Christoph na binti wamepeana pete, kwa hiyo amwoe. Christoph akakana kwamba pete zile zilikuwa za ndoa. Baraza la hapa likamwamuru aoe. Akakata rufaa kwa baraza la juu la Weimar, kesi ikaburuzwa miaka, na mwishowe Weimar ikamwachilia.

— Umeona? Jaji akamwambia Volkmar. Sheria iko upande wako tangu zamani.

Mivukuto akavuta pumzi. Kwake yeye Christoph hakushinda kwa sheria. Alishinda kwa sababu pete hakuipokea yeye. Yeye na Ambrosius walifanana mpaka hata wake zao, hadithi husema, waliwatofautisha kwa nguo tu. Ambrosius alikuja kumtembelea ndugu yake, akapita sokoni, binti akamkimbilia na pete yake mkononi, na yeye akaipokea kwa adabu, akidhani ndiyo desturi ya Arnstadt.

— Wapi na wapi, Jaji akasema. Ambrosius alikuwa na mke.

— Ndiyo maana akanyamaza, we mzee. Ungekuwa wewe ungekwenda kumsimulia mkeo?

Ushahidi wa jambo hilo haupo, na nilisema hivyo. Hawakunisikia. Jaji alikwisha panda ngazi nyingine: kwamba baraza la kanisa halikujali pete hata kidogo, ila lilitaka mpiga fidla afungwe na mke wa hapahapa asije akahamia kwa mtawala mwingine, na Weimar wakamfungua ili wapate kumwazima siku za sherehe. Mivukuto akaona hilo ni dogo. Christoph aliliambia baraza kwamba hawezi hata kumtazama yule binti kwa jinsi anavyomchukia, na hilo ni kweli. Basi kwa Mivukuto ndio uthibitisho kwamba hakuwahi kumwona, maana mtu hawezi kumchukia kiasi hicho mtu anayemjua. Jaji alimwambia kwamba yeye mwenyewe anamjua Mivukuto miaka mingi sana na anaweza.

Volkmar alikuwa akisikiliza kama anayeandikiwa dawa. Alituuliza kama neno la Christoph kwa hakika lilikuwa wema. Nilimwambia ndivyo ninavyoelewa. Akalirudia midomoni, taratibu, kama anavyofanya na noti ngumu kabla ya kupuliza.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa Bibi Tabea Nottrodt, aliyehamia kwetu majuzi kutoka Suhl. Alinunua mkate, akaketi kula kipande cha keki, na habari za Volkmar na Hanne hakuzijua kabisa. Alisubiri mpaka Mivukuto alipokunywa, ndipo akasema:

— Samahani, wazee wangu. Na yule Anna Cunigunda, baadaye aliolewa?

Jaji akajibu mara moja kwamba Christoph alimwoa Martha Elisabeth Eisentraut, miaka kadhaa baada ya kesi. Mivukuto akaongeza habari za wana wao.

— Huyo nimemsikia. Nimeuliza yule mwingine.

Jaji akanitazama mimi. Tarehe za Christoph ninazo, na mkewe namjua kwa majina yote matatu. Nikasema sijui.

— Aliendelea kukaa hapa?

— Labda, Mivukuto akasema.

— Na yeye Christoph akiendelea kupiga muziki mjini?

— Mpaka alipokufa.

— Basi kama alikaa, alikuwa akimsikia, Bibi Nottrodt akasema, akakung'uta makombo ya keki kwenye sketi.

Mivukuto alivuta pumzi, ikatoka tupu.

Volkmar akasema, bila kumtazama mtu:

— Hanne husimama safu ya mbele yangu. Kila Jumapili namwona kisogo.

Akainuka, akafunga vifungo vya koti, akaanza kukatiza soko kuelekea kituo cha mabasi.

— Lango la Ried si huko, Jaji akamwita.

— Najua Hanne anakokaa. Naenda Ilmenau.

— Kwa Steffen? Atakufukuza.

Volkmar alisimama. Hakupaza sauti, ila sote tulimsikia.

— Gerda aliniachia mimi ile pete, hakumwachia yeye. Nitamwambia hivyo, na nitamtajia tarehe ya harusi. Akija, vizuri. Asipokuja, nitakuwa nimemwalika.

Akaenda zake. Tulimtazama mpaka basi lilipomchukua, na Mivukuto akasema kwamba Steffen ni mtu mgumu, amerithi kwa mama, na Jaji hakumbishia.

Bibi Nottrodt alikuwa amegeuka mwekundu. Akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama amesema jambo baya, na huyo Hanne ni nani.

Nikamwambia hakusema baya lolote.

— Jina lake kamili ni Johanna Margarete Schlegelmilch, nikamwambia. Baba yake alikuwa Bwana Ehrhardt, mshonaji glovu. Anaimba sauti ya pili, na hajawahi kukosa zoezi.