Hippolyte Kalonda, Aliyemchora Mupendanjia

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliotoka Kasongo kwa miguu, familia imenituma niwasomee maisha ya mkubwa wetu Hippolyte Kalonda, nami nitayasoma jinsi yalivyokuwa, hata pale ambapo sisi wenyewe hatukuelewa.

Hippolyte alizaliwa Lusangi tarehe 14 Machi 1919, mtoto wa mkulima Grégoire na mke wake Anastasie, akasoma shule ya misioni Kasongo toka 1928 hadi 1935, ambako walimu walimchapa kwa kuchora nyuso zao ubaoni, kisha wakamwita awapambie ukuta wa kanisa. Mwaka 1937 aliajiriwa kuchora ramani katika ofisi ya teritware, ile ya serikali ya wilaya, hapa Kabambare, na tarehe 6 Juni 1942 akafunga ndoa na Régina, wakaishi kwa kupendana, ila Mungu hakuwajalia mimba.

Mwaka 1946 gazeti dogo la Wakristo wa huku lilimwomba hadithi ya picha, naye akamtoa kichwani mwake Mupendanjia, msafiri mrefu mwenye sikio la kushoto lililopasuka, anayepita kijiji kwa kijiji akiezeka nyumba za wajane na kuwacheka machifu wenye tamaa, na hata wasiojua kusoma walikusanyika kuuliza amefika wapi. Mwishowe Hippolyte alimchoka, na mwezi Agosti 1952 akamzamisha katika mto Luama. Gazeti lilipofika, wanawake wa Kabambare walitandika mikeka ya matanga, naye akapita katikati yao akicheka, akiwaambia huo ni wino tu.

Januari iliyofuata alifika Subira, mwanamke wa kando ya Luama, ametoka eda, akiongoza mtoto wa kike mwenye sikio la kushoto lililopasuka tangu kuzaliwa, akasimama mlangoni, akasema, "Bwana yangu aliniambia, siku nikikosekana, muende kwa ule mutu ananichora." Hippolyte alidhani ni tapeli, akaenda mwenyewe hadi kijijini kwao, na huko watu walimwonyesha mapaa aliyoyaezeka yule mtu, na kivuko alipozama mwezi Agosti bila maiti kuonekana, kisha Amisi, mzee wa mtumbwi, akamuuliza bila hasira, "Alikukosea nini?"

Aliporudi, hakuchora tena uso wa mtu, na hata kwenye ramani za ofisi aliwaachia wenzake wautie mto Luama. Subira alijengewa nyumba uani, na binti yake Mwamvita akalelewa na Régina, akimwita Hippolyte baba.

Novemba 1957 alianza kukohoa, akapelekwa hospitali Kasongo, madaktari wakakuta kifua kimejaa maji, wakayatoa, yakarudi, wakayatoa tena, naye akawaambia wasijisumbue, anayajua yanakotoka. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Februari 1958, Mwamvita amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na masista, wenzake wa ofisi, na majirani, Wakristo kwa Waislamu, mliopika na kulala nasi.

Kuhusu watoto, jana wakubwa wa ukoo walibishana sana, hadi Régina aliposimama akasema, "Andikeni mutoto. Mimi niko mama yake." Basi marehemu ameacha mjane mmoja, na mtoto mmoja, Mwamvita, ndiye atakayetupa udongo wa kwanza.

Kalonda, ndugu yetu, hakuna anayekudai neno, pumzika kwa amani.