Fundi wa Dirisha Dogo Ashuka Ukumbini

Baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi katika ukumbi wetu wa sinema, Fundi wa projekta anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Watazamaji humwita Mzee Dirisha, kwa sababu kwa miaka yote hiyo kitu pekee walichokiona cha kwake ni kile kidirisha cha juu kwenye ukuta wa nyuma, na mwanga unaotoka humo. Sura yake wengi hawaijui. Mwaka juzi mteja mmoja wa kila wiki alimkuta kwenye ngazi akamwuliza kama yeye ndiye fundi bomba mpya. Fundi alisema hapana, kisha akaenda kulitazama bomba lenyewe.

Wenzangu wameniomba niandike wasifu huu kwa kuwa nimekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na moja, na kile kiti cha mbao cha chumbani kwake sasa nimekirithi mimi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema wetu amekwisha kuteremka mnazini, kwa hiyo nitamsifu bila hofu.

Alianza kwa kubandika mabango na kufagia chini ya viti. Fundi aliyemtangulia alikuwa mkali, hakutaka mtu aguse mashine zake. Akamruhusu kwanza kufuta vumbi, baadaye kutia mafuta, na mwishowe kuunga mikanda iliyokatika. Kwa wageni wa kazi hii, filamu za zamani zilikuja katika mikanda kadhaa, kila mmoja ndani ya kopo lake la bati, na mashine zilikuwa mbili. Mkanda wa kwanza ukikaribia kwisha, unawasha mashine ya pili, na mtazamaji hajui kabisa kuwa kuna mtu amerukia upande wa pili jasho likimtoka. Ndiyo maana mwendesha projekta hashuki ukumbini. Akishuka, picha inakufa.

Na ndiyo maana vilevile hasikii kitu. Mashine zinanguruma kama mafundi cherehani kumi waliofungiwa chumba kimoja, kioo cha kidirisha ni kinene, na kispika kidogo cha mle ndani hutoa sauti ya filamu peke yake. Watu wa ukumbini yeye huwaona visogo na mabega tu. Hilo la mabega nitalirudia.

Wiki ya kwanza aliyoachiwa chumba peke yake, ililetwa filamu ya tano ya jasusi mmoja aliyekuwa akipendwa na mji mzima. Katika zile nne za mwanzo steringi, yaani jasusi mwenyewe, alikimbizana na maadui juu ya mapaa na ndani ya treni, na dunia ilimtosha. Katika hii ya tano watengenezaji waliona dunia imekuwa ndogo, wakampandisha roketi. Adui amejenga kioo kikubwa huko angani ili awanyime watu jua mpaka wamwite mfalme. Jasusi anamfuata, tai ameifunga juu ya suti ya mwanaanga. Wanapigana ngumi huku wanaelea, chai inatoka kikombeni vidongevidonge, na katikati ya vita steringi anasimama kuchana nywele. Chumvi ilizidi mchuzi.

Karibu na mwisho kuna onyesho moja. Umeme wa kituo cha angani umekatika, na mlango wa kuingilia chombo cha kurudi nyumbani haukai wazi mpaka mtu aushikilie mpini wake kwa mkono. Atakayeushika hawezi kupita. Anayebaki ni mtu wa redio, mnene, mwenye miwani, ambaye katika filamu zote zilizotangulia kazi yake ilikuwa kukaa ofisini na kumpa steringi taarifa. Anawapitisha wenzake wote, halafu anawapigia saluti kwa mkono uliobaki. Bahati mbaya ni kwamba kamba iliyomning’iniza mwigizaji huyo ilionekana waziwazi, ikimeremeta kutoka begani kwenda juu.

Mkanda wa onyesho hilo ulitufikia umechanika vibaya. Fundi mwingine angeuruka akaendelea na maisha yake. Yeye alikaa asubuhi nzima na mkasi, gundi na taa ya mezani, akauunga kipande kwa kipande. Kimoja, kifupi kisicho na maneno, kinachoonyesha roketi ikipita, alikiunga juu chini. Roketi ikaenda kinyumenyume, kichwa chini, wala hakuna aliyelalamika, maana walidhani huko juu ndivyo mambo yalivyo. Kosa hilo hulisimulia mwenyewe kila tunapokunywa chai, na hucheka kabla hajafika mwisho.

Siku hiyo, saluti ilipofika, alichungulia kidirishani akaona mabega ya ukumbi mzima yanatikisika. Watu wameinama, wengine wanajifuta macho. Kazi ilipokwisha alishuka ngazi mbio, akamwambia mwanamke wa tochi, yule aliyekuwa akiwaonyesha watazamaji viti vyao, kwamba leo amewaliza watu.

Ukweli ni kwamba walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kinyozi wa mtaa wa pili, mwenyekiti wa mashabiki wa jasusi, alipanda juu ya kiti akapaza sauti, “Kata kamba!” na ukumbi ukalipuka. Msemo huo ukaenea mjini. Mgeni akikawia kuaga, anaambiwa akate kamba. Hata Fundi mwenyewe huutumia, bila kujua kuwa ulizaliwa chini ya dirisha lake.

Mwanamke wa tochi alimtazama usoni, akaona furaha iliyokuwamo, akashindwa kumwambia. Mwaka uliofuata walifunga ndoa, na leo sote tunamwita Mama Tochi ingawa tochi aliiweka chini zamani. Hapo ndipo ilipoanza desturi moja ambayo haimo katika kanuni zozote za kazi. Mfanyakazi mpya, siku ya kwanza, huonyeshwa kizimamoto kilipo na swichi ya taa za dharura, kisha Mama Tochi humvuta pembeni. Mimi aliniambia hivi: “Fundi akikutajia ile ya angani, watu walilia. Umenisikia, mwanangu? Walilia.” Nikaitikia. Mameneja wanne wamekuja na kuondoka, nao waliitikia.

Msidhani tulifanya hivyo kwa mzaha. Fundi alikwisha kutueleza mara nyingi kwa nini analipenda onyesho lile. Alisema katika filamu zote alizowahi kuendesha, yule wa redio ndiye mtu pekee aliyefanana naye, mtu wa chumbani anayebaki na mashine ili wengine wafike waendako. Aliamini kwamba kuna siku ukumbi mzima ulimlilia mtu wa namna hiyo. Imani hiyo ilimtosha mahali ambapo wengine tungedai makofi, na sisi tulioijua siri tuliogopa siku itakapomtoka.

Kazi yake nyingine haina siri. Mvua kubwa ilipovujisha paa, alifunika mashine kwa koti lake, akapata mafua wiki mbili. Ilipoletwa projekta ya kidijitali, ambayo hubonyezwa mara moja ikajiendesha, wengi walidhani atasusa. Alijifunza kuitumia kabla yangu, nami ndiye niliyepelekwa mafunzoni. Ila hakuacha kukaa kando yake filamu nzima. Nilipomwuliza anasubiri nini, alinijibu kuwa haifai kuiacha picha peke yake. Zile mashine mbili za zamani aliendelea kuzitia mafuta, na ile filamu ya angani, ambayo wenyewe hawakurudi kuidai kwa jinsi ilivyoanguka sokoni, ilibaki kabatini mwetu. Kila mwaka aliitoa akaizungusha ili mikanda isigandane.

Sasa turudi kwa Kinyozi. Amekula chumvi nyingi tangu siku aliyopanda kiti, na mashabiki wenzake wa jasusi bado hukutana dukani kwake kila Jumapili. Mwaka huu walianza kuzitazama upya filamu zote kwa mpangilio. Walipofika ile ya tano pakawa na ubishi ambao haujaisha. Kinyozi alisema zile walizozisifu amezisahau, na ile waliyoizomea anaikumbuka yote, sasa mbaya ni ipi? Mwalimu wa hesabu, shabiki mwenzake, alimjibu kwamba hata jino bovu hukumbukwa. Ni jibu zuri, na Kinyozi alikata nywele za watu wawili kabla hajapata la kusema. Kisha akasema kuhusu kamba. Siku hizi, alisema, kompyuta inamrusha mtu angani na huoni kitu. Ile kamba ilikuwa na mtu huko juu anayeivuta, mikono inamuuma, ili mnene yule aelee. Na sisi, akamalizia, tulikicheka kitu pekee cha kweli kilichokuwamo.

Mwalimu hakukubali, lakini walikubaliana jambo moja: waitazame tena ukumbini, kwa mikanda ileile, katika kumuaga Fundi. Wakataka pia Fundi mwenyewe aketi kitini, katikati yao.

Ofisini tulikaa kikao kizito kuliko cha bajeti. Mtu akiketi kitini atasikia, na ukumbi ulioinyanyasa filamu ile mara ya kwanza hauwezi kuahidi kunyamaza mara ya pili. Kuna aliyependekeza tuseme mashine za zamani zimeharibika. Mama Tochi, aliyealikwa kikaoni, alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, “Mwacheni aketi. Nitakaa naye mimi. Mume wangu si yai.”

Basi Jumamosi iliyopita, alasiri, Fundi aliketi katika ukumbi wake kwa mara ya kwanza filamu ikiwa inaendelea, safu ya saba, kati ya mkewe na Kinyozi. Mimi nilikuwa juu, kwenye kiti cha mbao, nikiruka kutoka mashine hii kwenda ile. Ukumbi ulijaa wazee waliokuja kuonana na ujana wao, na vijana waliokuja kucheka. Tai ilipoonekana juu ya suti, mabega yakatikisika. Roketi ilipokwenda kinyumenyume, kisogo cha Fundi kiliruka kuliko vyote.

Ikafika saluti. Kamba ikameremeta. Mabega yakaanza, safu kwa safu, na nikamwona Fundi anageuka. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama nyuma. Kisha akainua macho mpaka kwenye kidirisha, akanitazama mimi. Sikuwa na pa kujificha. Kilichofuata sikukisikia, nimeambiwa na Mama Tochi. Kijana mmoja wa safu za mbele alipaza sauti, “Kata kamba!” Kinyozi, mwenye msemo wake, akasimama taratibu kwa magoti yake mabovu, akasema, “Mwacheni ashike.” Nilichokiona mimi ni mabega yote kutulia kwa pamoja, na vichwa vikainuka, hadi mkono wa mtu wa redio ulipotoweka kwenye giza la anga.

Taa zilipowashwa, Fundi alipanda ngazi akifuatwa na mkewe. Aliweka kiganja juu ya mashine, kama afanyavyo siku zote kupima joto lake. Halafu akasema, “Kumbe walikuwa wanacheka.” Niliangalia sakafu. Kisha akauliza, sasa akimgeukia mkewe: walicheka, kisha wakanyamaza, je, kule kunyamaza kulikuwapo tangu siku ile ya kwanza?

Neno moja la ndiyo lingetosha, na mimi, kwa mazoea, nilikwisha kufungua mdomo nilitoe. Mama Tochi alinizuia kwa mkono. “Hakukuwapo, mume wangu,” alisema. “Kumeanza leo.”

Fundi alitafakari. Nilidhani ameumia, na labda aliumia. Kisha akatabasamu, akaanza kuirudisha mikanda kwenye makopo yake, mmoja baada ya mwingine, na akasema kuwa si neno, wamechelewa tu kidogo. Walipokuwa wakishuka, Mama Tochi alimshika mkono kwenye ngazi, na walipofika chini bado alikuwa ameushika.

Tangu Jumamosi hiyo tumeifuta ile desturi. Mfanyakazi mpya aliyeanza Jumatatu alionyeshwa kizimamoto na swichi, kisha akaelezwa kisa hiki chote kama kilivyo. Mwalimu wa hesabu bado anasema filamu ni mbovu, na nadhani hajakosea. Ila alikuwapo, na hata yeye alinyamaza.

Fundi, tunakushukuru kwa kila picha ambayo haikukatika, na kwa zile zilizokatika ukaziunga. Mama Tochi, tunakushukuru kwa uongo wako wa miaka yote, na zaidi kwa ukweli wako wa siku moja. Tunawaombea afya, usingizi wa kutosha, na alasiri nyingi zisizo na kengele ya kazi. Safu ya saba, kiti cha katikati, tumekwisha kukiandika jina lako. Njoo uketi, mzee wetu. Mlango tumeushika sisi.